Sifuri ya Mwisho

Ofisini walimwita Mama Nukta, na jina lenyewe hakulichukia, maana alikuwa amelifanyia kazi. Kila asubuhi aliketi mbele ya kompyuta, daftari mkono wa kulia, rula ya mbao chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu mishono.

"Moja nukta saba sita. Moja nukta saba sita. Sawa. Mbili nukta sifuri tatu. Mbili nukta sifuri tatu. Sawa."

Namba ya kwanza ilikuwa ile iliyoandikwa daftarini na kuingizwa kwenye mashine. Ya pili ilikuwa ile iliyorudishwa na mashine. Zikifanana alitia alama ya vyema kwa penseli, rula ikashuka mstari mmoja. Zisipofanana alisimama. Hiyo ndiyo kazi yote, na watu waliosoma mpaka wakachoka walikuwa wameshindwa kuifanya kwa saa moja bila kusinzia.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi za nyumba, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wageni. Walikuwa wakitengeneza mfumo wa kubeba uzito wa watoto wachanga. Mtoto akipimwa wodini, mizani hutuma uzito wake kwenye mfumo. Baadaye skrini ya nesi au simu ya daktari ikiuliza, mfumo hujibu. Hapo panapoulizwa na kujibiwa ndipo walipopaita API. Fundi wa programu, jamaa wa makamo mwenye ndevu nyingi ambaye hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Ndevu, alimweleza siku ya kwanza.

"Chukulia ni dirisha la duka la dawa, mama. Anayeuliza yuko nje, dawa iko ndani. Haruhusiwi kuingia. Anataja anachotaka, anapewa. Kazi yako ni kuangalia kama alichopewa ndicho kilichokuwa kwenye rafu."

"Kisipungue."

"Kisipungue, kisiongezeke."

Dirisha la duka la dawa alilijua vizuri. Shule ilimwishia darasa la saba, lakini alikaa miaka kumi na minne katika chumba cha nyuma cha duka la dawa akipima unga kwa mizani ndogo yenye mlango wa kioo, chini ya mwanamke mkali waliyemwita Bi Dawa. Bi Dawa alikuwa na midomo myembamba na sheria nyingi. Mtu asipumue juu ya mizani. Kosa halifutwi, linakatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke. Na kila tarakimu ambayo mizani imeionyesha iandikwe, hata kama ni sifuri. Kwenye lebo ya mgonjwa sifuri ya mwisho aliikataza kabisa, mtu asije akakosa kuiona nukta akanywa hamsini badala ya tano. Lakini kwenye daftari la mizani aliidai, na asiyeiandika alirudishiwa daftari kwa kurushiwa.

"Sifuri ya mwisho haisemi kwamba hakuna kitu," alikuwa akisema. "Inasema ulitazama pale, ukakuta hakuna kitu. Aliyetazama na asiyetazama hawaandiki sawa."

Bi Dawa alipozeeka duka lilifungwa. Mkuu wa ofisi hii ya juu ya duka la rangi, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa mteja wao wa zamani. Alipotafuta mtu wa kukagua namba alisema, "Niitieni yule aliyekuwa akinihesabia vidonge mara mbili." Mama Nukta akapewa mkataba wa miezi mitatu, kiti chenye gurudumu bovu, na dirisha linaloangalia paa la jirani.

Kuhesabu mara mbili kulikuwa katika damu yake. Kabla ya kutoka nyumbani aligusa jiko mara tatu. Alifunga mlango, akashuka, akapanda tena kuuvuta kitasa. Mabinti wa jirani walimcheka, na yeye aliwaacha wacheke, kwa kuwa kicheko hakijawahi kuzima moto. Mtoto wake mmoja tu, binti, alikuzwa kwa macho hayo: alipokuwa mdogo hakuna homa iliyowahi kumwingia bila mama yake kuijua kabla yake mwenyewe.

Ndiyo maana pigo lilipokuja, likaja pale ambapo macho hayafiki. Binti yake alijifungua miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto wa kiume, kilo moja nukta nne sita, mwekundu kama kidole kilichofungwa uzi. Wakamweka katika chumba cha joto, ndani ya sanduku la kioo lenye matundu mawili ya kuingizia mikono.

Siku hiyo kitu fulani ndani ya Mama Nukta kilikufa ganzi. Hakulia. Watu walipomwambia ana moyo wa chuma aliitikia kwa kichwa, kwa vile kukataa kungehitaji maelezo. Alikula, lakini chakula kilikuwa kama karatasi iliyolowa. Alilala na kuamka akiwa upande uleule. Alipomtazama mjukuu wake kupitia kioo, alijaribu kutafuta woga, au huruma, hata hasira, akakuta pametulia kimya kama nyumba iliyohamwa. Kilichobaki kikifanya kazi ni macho, na macho yalitaka namba. Leo amepungua, moja nukta nne moja. Leo amerudi, nne tatu. Leo nne saba. Alizisoma kwenye skrini ya nesi kila jioni na kuondoka nazo.

Mfumo uliokuwa kwenye skrini ile ulikuwa ule wa ofisini kwao. Hospitali hiyo ilikuwa imekubali kuujaribu kwanza, kabla haujapelekwa kwingine. Daftari la zamani la wodi lilikuwa limefungwa kabatini.

Siku ya tatu baada ya mtoto kuzaliwa, akiwa bado anatembea kama mtu aliyeamshwa vibaya, ndipo alipofanya kosa.

Alikuwa kwenye mstari wa arobaini. Daftarini: 1.50. Kwenye kompyuta: 1.5. Rula ikasimama. Alizitazama namba hizo mbili kwa muda, kisha akamwita Ndevu.

"Hii imepungua."

Ndevu aliinama juu ya bega lake, akanusa kikombe chake cha chai kwanza. "Wapi?"

"Imeingia na sifuri, imetoka bila sifuri."

"Mama Nukta. Moja na nusu ni moja na nusu." Akafungua dirisha jingine kwenye kompyuta yake, safu ndefu ya alama za kijani. "Ona. Majaribio mia mbili, yote kijani. Mashine inalinganisha ilichopewa na ilichorudisha, inasema sawasawa. Hilo la sifuri ni hesabu ya darasa la ngapi?"

Hakulisema kwa ubaya. Lakini yeye alijua hasa ni darasa la ngapi, maana ndilo alilotoka mlangoni mwake asirudi tena. Aliisikia sauti ya Bi Dawa, ila ilitoka mbali, kama mtu anayesemea nyuma ya ukuta, na siku hiyo hakuwa na nguvu ya kwenda kusikiliza ukutani. Akaandika: imepita. Akatia sahihi. Rula ikashuka.

Wiki tatu na siku chache zikapita hivyo.

Mjukuu alikua polepole, kama mtu anayelipa deni kwa uvivu. Manesi walimpenda kwa sababu hakusumbua. Sasa alikuwa amebakiza ngazi moja: kutoka katika sanduku na kuwekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Binti yake alikuwa hajamkumbatia hata mara moja. Alikuwa akiingiza mkono kwenye tundu na kumshika kisigino, basi.

Kutoka kwenye sanduku kulikuwa na sheria yake. Wodini kulikuwa na mizani mbili. Ya umeme, mpya, ilionyesha tarakimu mbili baada ya nukta. Ya mshale, ya zamani, ilitumika umeme ukikatika, nesi akiingiza namba mfumoni kwa mkono, nayo ilionyesha tarakimu moja tu, na mshale wake ulitetemeka kama mkono wa mzee. Kila mtu wodini alijua: ukiona tarakimu mbili, mtoto amepimwa kwa mizani ya umeme, ukiona moja, amepimwa kwa ya mshale. Hawakuwa wameiandika popote. Ilikuwa desturi yao tu, kama watu wa nyumba moja wanavyojua ngazi ipi inalia. Na mtoto hatoki kwenye sanduku mpaka aongezeke siku tatu mfululizo kwa mizani ya umeme. Ya mshale haihesabiki. Ikiingia katikati, mnaanza upya.

Jumapili alikuwa 1.76. Jumatatu 1.78. Jumanne, saa sita mchana, simu ya Mama Nukta ikaita.

"Mama." Sauti ya binti yake ilikuwa bapa. "Wamesema tunaanza upya."

"Amepungua?"

"Hajapungua. Wanasema leo kapimwa na ile ya mshale. Mama, nilikuwepo. Nilisimama pale asubuhi, niliona kwa macho yangu, mashine ya umeme, moja nukta nane sifuri. Nilifurahi mpaka nikamwambia yule mwenzangu wa kitanda cha nne. Sasa huyu wa mchana ananiambia haihesabiki."

"Na nesi wa asubuhi?"

"Ameshatoka. Wamempigia, anasema watoto kumi na wanane, hawezi kukumbuka nani alipimwa na nini. Umeme nao ulicheza asubuhi."

"Wampime tena."

"Ameshakunywa maziwa. Anapimwa mara moja tu, asubuhi kabla ya kunywa. Unajua."

Alijua. Alichukua mkoba, akamwambia Mkuu anatoka kidogo, akashuka ngazi. Hakukimbia. Njiani aliona kwamba anatembea kwa mwendo wa kawaida, akashangaa kidogo, kama anavyoshangaa mtu akikuta ameshika kitu asichokumbuka kukiokota.

Nesi wa zamu ya mchana alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, kalamu tatu kwenye mfuko wa kifua. Alimgeuzia skrini bila kuombwa.

"Tazama mwenyewe, bibi. Mimi sina chuki na mjukuu wako. Ningekuwa na uwezo ningemtoa jana. Lakini mimi nasoma kilichoandikwa."

Palikuwa pameandikwa: Jumapili 1.76. Jumatatu 1.78. Jumanne 1.8.

Mama Nukta aliitazama. Aliijua namba hiyo kama mtu anavyojua alama ya jino lake kwenye tunda aliloling'ata na kuliacha. Imeingia na sifuri, imetoka bila sifuri. Mstari wa arobaini. Sahihi yake chini.

"Inatokea sana hivi?" aliuliza.

"Mara mojamoja. Wa kitanda cha nne juzi ilikuja mbili. Mbili tupu, bila nukta wala nini. Tukacheka, tukasema huyu kapimwa kwa macho." Nesi akacheka tena kidogo, halafu akaacha. "Mama yake alilia lakini. Naye akaanza upya."

Kitanda cha nne kilikuwa pale karibu na dirisha. Msichana aliyekaa hapo alikuwa ameingiza mkono kwenye tundu la sanduku na kushika kisigino.

Binti yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho yamemvimba. Mama Nukta alikaa kando yake. Alipaswa kusema neno. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mawili: ni mimi. Hayakutoka. Alimrekebishia binti yake kanga begani, kisha akairekebisha tena, ilhali haikuwa imepinda.

"Ulisema uliona sifuri," alisema mwishowe.

"Niliiona, mama. Au unadhani nimechanganyikiwa?"

"Hujachanganyikiwa. Iliandikwa. Imedondoka njiani."

"Njiani wapi?"

"Nakwenda kuitafuta."

Aliporudi ofisini Ndevu alikuwa anakula mkate juu ya kibao cha herufi. Mama Nukta alifungua daftari lake, akarudisha kurasa mpaka mstari wa arobaini, akaliweka mbele yake, juu ya mkate.

"Hii."

"Mama, hii tulishaimaliza."

"Tuliimaliza vibaya."

Akamweleza mizani mbili, desturi ya wodi, siku tatu. Ndevu alisikiliza huku anatafuna, kisha akaacha kutafuna, kisha akaanza tena, maana mtu anayetaka kushindana lazima ajipe muda.

"Lakini kwa hesabu ni sawa," alisema. "Nisikilize. Mfumo unaihifadhi kama namba. Namba haina sifuri ya mwisho, ni kama mtu hana mkia. Siwezi kumdai mkia."

"Kwa hesabu ni sawa. Kwa mizani si sawa."

"Tofauti ni nini?"

Mama Nukta alifikiri. Hakuwa na maneno ya shule, kwa hiyo alichukua ya nyumbani.

"Nikikuambia nakuja saa nne, utanitazamia saa ngapi?"

"Wewe? Saa nne. Watu wengine, kuanzia saa tano."

"Na nikikuambia saa nne kamili?"

"Saa ileile."

"Ni saa ileile," alisema Mama Nukta. "Lakini aliyesema kamili ameangalia mshale wa dakika. Wewe umelichukua kamili lake ukalitupa, halafu unaniambia saa ni ileile."

Ndevu alifuta vidole kwenye suruali. Alifungua yale majaribio yake mia mbili ya kijani na kuyapitia moja baada ya jingine. Mashine yake ilikuwa ikilinganisha namba kwa namba, na moja nukta nane haikuwa na ugomvi na moja nukta nane sifuri. Haikuwahi kuulizwa kama zimeandikwa sawa.

"Na ni mara moja tu katika kumi," alisema polepole. "Mpaka tarakimu ya mwisho iwe sifuri. Ndiyo maana hakuna aliyeona."

"Mimi niliona."

"Wewe uliona," alikubali. Akajikuna ndevu. "Kuirekebisha kuna kazi. Uzito utatakiwa uhifadhiwe na urudishwe kama maandishi, herufi kwa herufi, vile mizani ilivyosema. Kila skrini na kila simu inayosoma jibu letu itabidi ifundishwe upya. Na Jumatatu tunaupeleka hospitali kumi na moja."

"Najua."

Ndevu aliangalia mlango wa Mkuu, akashusha sauti. "Sikiliza. Chukua ukurasa mpya. Andika tarehe ya leo. Tuseme tumeligundua leo. Ni kweli tumeligundua leo, si ndiyo? Hakuna haja ya mtu kusoma huu wa zamani. Mkataba wako unaisha Ijumaa, mama."

Hapo Mama Nukta alisita kidogo. Ukurasa mpya ulikuwa pale, mweupe. Hakusita kwa kuogopa Mkuu, wala hakukataa kwa kuwa shujaa. Hakuwa na hisia ya kutosha kwa lolote kati ya hayo mawili. Aliona tu mkono wa yule msichana wa kitanda cha nne ndani ya tundu.

"Mficha uchi hazai," alisema.

"Wewe umeshazaa. Una mjukuu kabisa."

"Ndiye huyo anayenikosesha pa kujificha."

Akachukua kalamu. Alilikata neno imepita kwa mstari mmoja, lisomeke, akaandika juu yake: imeshindwa. Akatia sahihi mara ya pili chini ya ile ya kwanza, akabeba daftari mpaka kwa Mkuu.

Mkuu alilisoma amesimama. Aliuliza maswali mafupi na kujibiwa kwa ufupi. Aliuliza ni nani aliyepitisha. "Mimi," alisema Mama Nukta. Ndevu, aliyekuwa ameshika fremu ya mlango, alisema, "Aliniuliza kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia ni sawa."

"Lakini aliyeandika ni mimi," alisema Mama Nukta.

"Sijawauliza mgawane," alisema Mkuu. Akaketi. "Kwa hiyo Jumatatu hakuna."

Akaivuta kalenda ya mezani, akaikata Jumatatu.

"Kuna aliyeumia?"

"Wawili ninaowajua. Hawajaumia. Wamecheleweshwa. Mtoto wa kitanda cha nne na mtoto wa kitanda cha saba."

"Wa kitanda cha saba umemjuaje?"

"Ni mjukuu wangu."

Mkuu alimtazama, kisha akaangalia dirishani, kwenye paa la jirani. Alichukua simu na kuipigia hospitali, akawaambia walitoe daftari la zamani kabatini na waandike kwa mkono kila kinachoonyeshwa na mizani, tarakimu zote, mpaka watakapoambiwa vinginevyo. Alipomaliza alimrudishia Mama Nukta daftari lake.

"Nahitaji orodha mpya ya kukagua," alisema. "Nusu yake ziishie na sifuri."

Jioni hiyo alimwambia binti yake. Alimwambia wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, bila kumtazama, kwa sauti ileile anayosomea namba: kwamba sifuri ilidondoka mezani kwake, wiki tatu zilizopita, na kwamba aliiona ikidondoka.

Binti yake aligeuka kumtazama.

"Wewe," alisema. "Wewe unayerudi kuangalia kitasa."

"Ndiyo."

"Siku ile hukurudi."

"Siku ile sikurudi."

Binti yake aliinuka, akaenda kwenye sanduku, akaingiza mkono, akashika kisigino. Akakaa hivyo, amempa mama yake mgongo. Mama Nukta alingoja maumivu yaje. Yalikuja kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Baadaye binti yake alisema, bado amegeuka, "Hawawezi kuiongeza tu hiyo sifuri? Si tunajua ilikuwepo?"

"Wakianza kuongeza sifuri kwa kujua, hakuna mizani tena. Kila mtu ataongeza yake."

"Nilijua utasema hivyo."

Kwa hiyo walianza upya, kama ilivyo sheria.

Siku zile tatu Ndevu alifanya kazi bila mzaha, jambo lililowatia wasiwasi wote. Alikuwa akibadilisha, Mama Nukta akikagua, wakikuta limeharibika jingine. Kuna wakati sifuri zilirudi zote lakini nukta ikageuka mkato. Kuna wakati mbili nukta sifuri sifuri ilirudi na sifuri tatu, na Ndevu akasema angalau safari hii mfumo umekuwa mkarimu. "Kisipungue, kisiongezeke," alimjibu, na Ndevu akarudi kwenye kibao chake kama mtoto aliyekumbushwa kunawa. Yale majaribio ya kijani aliyaandika upya, yalinganishe herufi kwa herufi. Yalipowashwa mara ya kwanza ishirini na moja yaligeuka mekundu. Ndevu aliyatazama na kusema, "Yalikuwepo muda wote haya."

Jumatano mtoto alikuwa 1.82. Alhamisi 1.86. Namba zote mbili ziliandikwa kwa mkono katika daftari la zamani, kwa kalamu moja kati ya zile tatu za nesi.

Ijumaa asubuhi wodi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupewa mfumo uliorekebishwa, wa kujaribiwa sambamba na daftari. Mama Nukta alipita hospitali kabla ya kazi. Ilikuwa siku ya mwisho ya mkataba wake na hakuna aliyemwambia neno kuhusu hilo, naye hakuuliza. Rula ilikuwa ndani ya mkoba, ikichungulia.

Mtoto alivuliwa nguo, akawekwa kwenye mizani ya umeme. Alilia kidogo, sauti kama mlango mdogo. Namba zilicheza, zikatulia. Nesi aliandika daftarini. Halafu akageuza skrini, na wote watatu wakaitazama: nesi, binti, na yeye.

"Moja nukta tisa," alisema binti yake.

"Na mwisho?" alisema Mama Nukta.

"Sifuri."

"Isome yote."

"Moja nukta tisa sifuri, mama."

Nesi alilinganisha na daftari, akatikisa kichwa kukubali. "Siku tatu," alisema. "Haya, mama mtoto, fungua vifungo. Leo unapata mzigo wako."

Walimweka kifuani kwa binti yake, wima, kama chura, kichwa chake chini ya kidevu, wakamfunga kwa kitambaa kirefu. Binti yake alifumba macho. Mikono yake haikujua ikae wapi mwanzoni, kisha ikajua. Kutoka kitanda cha nne yule msichana alikuwa akitazama. Mtoto wake alikuwa amepungua kidogo Jumatano wakaanza tena, na sasa naye alikuwa amebakiza siku moja.

Mama Nukta alikagua fundo la kitambaa. Akalikagua tena. Lilikuwa imara. Akasimama hapo mikono ikining'inia, akijitafuta ndani, akakuta bado kimya, ila safari hii kulikuwa na kitu kama mguu uliolaliwa kwa muda mrefu, unaoanza kuchomachoma kabla haujakanyagika.

Binti yake alifumbua macho akamwona.

"Mama, hujafurahi?"

"Bado, mwanangu," alisema. "Nitafika."

Akachukua mkoba. Alikuwa amebakiza mistari arobaini kabla ya mwisho wa siku, na nusu yake iliishia na sifuri.